Rimoti ya Kreni Inapogoma: Anza na Dalili, Jua pa Kumwachia Fundi

Malalamiko ya waendesha kreni kuhusu rimoti hayatofautiani sana. Haiwaki. Inawaka lakini kreni imetulia tuli. Inakata mzigo ukiwa hewani. Kitufe kimoja kimekufa, vingine vizima. Kreni inakwenda kulia ukiiambia kushoto. Na lile la kutisha: umeachia kitufe, kreni inaendelea. Mwongozo huu unafuata dalili hizo. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na ukaguzi wa macho na mikono umetangulia ule wa kufungua paneli.

Ili ukaguzi uwe na maana, elewa kwanza mawasiliano yanavyokwenda. Rimoti inatuma ujumbe kwa redio, kwa kawaida katika masafa ya 433 MHz, 868 MHz, 915 MHz au 2.4 GHz, kutegemea nchi na mtengenezaji. Kila ujumbe umebeba namba ya utambulisho. Risiva iliyofungwa kwenye kreni inapokea ule wenye namba yake tu, inafunga rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), rilei inavuta kontakta (swichi kubwa ya aina hiyohiyo), kontakta inapeleka umeme kwenye mota na breki inaachia. Katika mifumo mingi, hata usipobonyeza kitu rimoti iliyowashwa inaendelea kutuma ujumbe wa kujulisha kwamba ipo. Risiva ikikosa ujumbe sahihi kwa muda mfupi uliowekwa, kwa kawaida sekunde moja au mbili au chini ya hapo, inakata mwendo wote. Ndiyo maana mengi yanayoitwa "rimoti mbovu" ni kinga ikifanya kazi yake. Tafuta kilichoizuia risiva isisikie. Usitafute njia ya kuizima kinga.

Kabla ya kugusa chochote

Ikiwa mzigo umebaki hewani, bonyeza kitufe chekundu cha dharura, toa watu wote chini na kandokando, zungushia eneo, na uweke mtu wa kulilinda. Usijaribu kuachia breki kwa mkono ili mzigo ushuke. Kazi hiyo inahitaji fundi anayeijua kreni hiyo, kwa sababu mzigo ukishaanza kushika kasi haukamatiki tena.

Jua swichi kuu ya kreni iko wapi, na njia ya kuifikia isiwe imezibwa na mapipa au mbao. Hilo ulijue kabla ya siku ya shida. Yeyote atakayepanda kwenye paneli azime swichi hiyo, aweke kufuli yake mwenyewe na kibandiko, kisha athibitishe kwa mita kwamba umeme haupo. Penye inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota), kapasita zake, zinazohifadhi umeme, hubaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kifuniko chake, na unahesabiwa kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia.

Dalili: umeachia kitufe, kreni haisimami

Nimeiweka mbele makusudi, ingawa hutokea mara chache kuliko nyingine zote. Kreni inayokataa kuanza inakupa muda wa kufikiri. Hii haikupi.

Bonyeza kitufe chekundu. Isiposimama papo hapo, nenda kwenye swichi kuu. Usibonyeze kitufe cha upande wa pili ukidhani utaivuta irudi. Kreni ikishasimama, usiiwashe tena "kuona kama imejirekebisha". Siku hiyo kazi yake imekwisha.

Chanzo cha kwanza ni kitufe au wenzo uliokwama kwenye rimoti yenyewe: vumbi la saruji, grisi iliyoganda, mpira wa juu uliochanika ukaingiza maji. Kitufe kizima hurudi juu chenyewe kwa mkupuo. Kikirudi polepole, au kikibaki nusu, rimoti hiyo isitumike.

Cha pili ni kontakta iliyogandana. Kila inapofunga na kufungua, cheche hula ncha zake. Zikichakaa, au opereta akiwa na tabia ya kugusagusa kitufe mfululizo ili mzigo usogee kidogo kidogo, ncha huyeyuka na kushikana. Rimoti imeacha kutuma amri, rilei ya risiva imefunguka, lakini umeme bado unapita. Hapa ndipo penye hatari isiyojulikana na wengi. Kitufe chekundu huangusha rilei za kusimamisha ndani ya risiva, na hizo zinatakiwa kuangusha kontakta kuu inayokata umeme wa mota zote. Baadhi ya kreni ndogo hazina kontakta kuu. Kwenye kreni ya aina hiyo, kontakta ya kushusha ikigandana, kitufe chekundu kinaweza kubonyezwa mpaka kidole kiume na mzigo ukaendelea kushuka. Muulize fundi leo kama kreni yako ina kontakta kuu. Kama haina, omba iwekwe.

Cha tatu ni breki. Namna ya kutofautisha ni kusikiliza. Mota ikiendelea kuvuma baada ya kuachia kitufe, umeme bado unafika, kwa hiyo tatizo ni la udhibiti. Mota ikinyamaza lakini mzigo ukazidi kuteleza taratibu, au daraja (boriti ya juu ya kreni inayotembea kwenye reli) likaendelea kutembea hatua kadhaa, breki imechakaa au imelegea na rimoti haihusiki.

Kwa chanzo chochote kati ya hivi, isipokuwa kubadilisha rimoti iliyokwama, mwite fundi. Opereta hana cha kurekebisha hapa.

Dalili: rimoti haiwaki kabisa

Karibu kila mara ni betri, au kitufe chekundu kilichobaki chini. Kizungushe mpaka kiruke juu. Hakikisha ufunguo umezungushwa. Weka betri unayojua kwa hakika kwamba imechajiwa, na usafishe ncha za betri na za rimoti kwa kitambaa kikavu.

Betri ya kuchaji iliyozeeka hudanganya: ukiipima ikiwa imekaa inaonyesha volti nzuri, ikianza kufanya kazi volti zinaporomoka. Ndiyo maana rimoti huwaka sekunde chache na kuzima. Usiweke betri za kawaida zisizochajika kwenye chaja. Hupata joto, huvuja, na zinaweza kupasuka. Betri iliyovimba isirudishwe kazini wala kutobolewa.

Rimoti iliyoanguka kutoka juu, au iliyozama majini, iende kwa fundi hata kama imewaka baadaye. Ufa mdogo kwenye bodi unaweza kukaa kimya wiki nzima kisha ukajitokeza mzigo ukiwa juu.

Dalili: taa ya rimoti inawaka, kreni haisogei

Anza kwa kuuliza: hii ni rimoti ya kreni hii? Penye kreni mbili au zaidi, rimoti hubadilishana chaja na mikono. Kabla hujabonyeza tena, tazama kreni jirani, kwa sababu huenda ndiyo inayokusikia. Linganisha namba iliyo kwenye rimoti na ile iliyobandikwa kwenye daraja la kreni. Kama hakuna namba popote, hilo nalo ni tatizo la kurekebishwa kabla ya zamu ijayo.

Pili, hatua za kuwasha. Mifumo mingi inataka kitufe chekundu kiwe juu, ufunguo uzungushwe, kisha kitufe cha kuanzia kibonyezwe, na wakati huo vitufe na wenzo zote ziwe katikati. Ukiwa umeshika wenzo mmoja bila kujua, au kitufe kimoja kimekwama chini, mfumo unakataa kuanza. Umekataa kwa sababu nzuri: bila hivyo kreni ingeruka mara tu unapoiwasha.

Tatu, umeme wa upande wa kreni. Swichi kuu imewashwa? Kuna kitufe kingine cha dharura kilichobonyezwa ukutani au kwenye ngazi? Penye kidhibiti cha ziada cha waya, kibadilishio hakikuachwa upande wa waya?

Kisha tumia masikio. Ukumbi ukiwa kimya, simama mahali salama, kulabu ikiwa tupu, bonyeza amri moja na usikilize juu. Kontakta ikivutwa hutoa mlio mkavu, "ta!". Ukiusikia na mota isizunguke, rimoti na risiva vimemaliza kazi yao. Tafuta kwenye fyuzi za mota, rilei ya joto (kinga inayokata mota inapopata joto kupita kiasi), au fezi iliyopotea, yaani moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme wa mota. Hasa mota ikinguruma bila kuzunguka, achia kitufe mara moja: huenda imekosa fezi moja, na itaungua. Usiposikia mlio wowote, tatizo liko kati ya kidole chako na kontakta. Kwenye kreni zenye inveta mlio unaweza usiwepo, na badala yake inveta huonyesha namba ya hitilafu kwenye kioo chake. Iandike kabla hujaifuta.

Dalili: inakata katikati ya kazi, kisha inarudi

Hii ndiyo inayopoteza muda wa watu wengi, kwa sababu fundi akifika kila kitu kinafanya kazi. Tiba yake ni kuandika. Kila inapokata, andika saa, mahali kreni ilipokuwa kwenye reli, mahali wewe ulipokuwa umesimama, na nini kingine kilikuwa kinawashwa au kuzimwa humo ndani. Baada ya siku chache utaona moja ya picha tatu.

Ikikata popote pale, na zaidi kuelekea mwisho wa zamu, ni betri. Badilisha uone.

Ikikata mahali palepale pa reli kila mara, usikimbilie redio. Watu wengi hubadilisha rimoti, kisha risiva, na kasoro inabaki, kwa sababu chanzo ni umeme wa kreni yenyewe: brashi zinazokusanya umeme kwenye reli zake zimelika, kiungo cha reli kimepinda, au kebo ya kuning'inia ina waya uliokatika ndani unaoachana inapojikunja. Kinachoamua ni taa za risiva. Mtu atazame taa hizo akiwa chini, mahali salama, kreni ikipita pale bila mzigo. Taa zote zikizimika pamoja, umeme umepotea. Ikizimika ile ya mawasiliano tu na ya umeme ikabaki, ni redio.

Na kama ni redio mahali palepale, angalia kilichosimama kati yako na antena: tangi, rundo la mabati, ukuta wa zege wenye nondo. Hata mwili wako unahesabika. Rimoti ikiwa kiunoni nawe umeipa kreni mgongo, mawimbi yanapungua.

Ikikata wakati kitu kingine kinapofanya kazi, kuna mwingiliano. Chanzo cha kawaida ni rimoti nyingine kwenye chaneli ileile, hasa baada ya kreni mpya au mashine ya kukodi kuingia eneo lako. Masafa ya 2.4 GHz yanatumiwa pia na waifai, na yale ya 433 MHz na vifaa vidogo vingi. Rimoti nyingi zina njia ya kubadili chaneli. Afanye aliyeidhinishwa, kwa kitabu cha mtengenezaji, na chaneli zote za eneo ziandikwe mahali pamoja ili mtu asihamie kwenye ya mwenzake. Chanzo kingine ni kelele ya umeme kutoka kwenye inveta, koili za kontakta zisizo na vizuia cheche, au kazi ya kuchomelea karibu. Waya wa arthi wa mashine ya kuchomelea usipitishwe kamwe kwenye kulabu au mwili wa kreni: unaharibu kamba ya chuma na vifaa vya umeme kwa pamoja.

Antena ichunguzwe na fundi akiwa amefunga umeme kwa kufuli. Iliyofungwa ndani ya sanduku la chuma haisikii vizuri. Itolewe nje, isimame wima, mbali na nyaya za mota. Urefu wake una hesabu. Kwa 433 MHz urefu wa wimbi ni karibu sentimita 69, na antena ya robo ya wimbi ni karibu sentimita 17. Aliyevunja antena akaweka kipande chochote cha waya ameirudisha kwa macho tu.

Simama hapa ukiambiwa "tuongeze muda wa kukata isisumbue" au "turuke ile rilei". Muda huo ndio unaoamua kreni itasogea umbali gani baada ya wewe kuanguka, au rimoti kupondwa. Asiuguse mtu isipokuwa aliyeidhinishwa na mtengenezaji.

Dalili: umbali umepungua

Betri dhaifu, antena iliyolegea, au kizuizi kipya. Vikague kwa mpangilio huo. Usitafute umbali zaidi ya unaohitaji, hata hivyo. Opereta anatakiwa kuuona mzigo na njia yake yote, au awe na mtoa ishara anayeviona. Rimoti inayofika ng'ambo ya ukuta haikupi ruhusa ya kunyanyua ng'ambo ya ukuta.

Dalili: mwendo mmoja haufanyi kazi

Kupandisha kukikataa na kushusha kukikubali, fikiria kinga kwanza. Huenda kulabu imefika kwenye swichi ya kikomo cha juu, au mzigo umezidi uwezo na kidhibiti cha uzito kimekata. Shusha, pima, panga upya. Hakuna cha kurekebisha hapo.

Kama kulabu ni tupu na iko katikati, jaribu rimoti ya akiba. Ikifanya kazi, ile ya kwanza ina kitufe kibovu. Isipofanya, tatizo ni rilei, waya au kontakta, na ni la fundi. Tahadhari: rimoti ya akiba mara nyingi ina namba ya utambulisho sawa na ya kwanza, kwa hiyo zima ya kwanza na uitoe betri kabla ya kuwasha ya pili. Rimoti mbili zenye namba moja zikiwa mikononi mwa watu wawili ni kreni yenye madereva wawili wasioonana.

Kasi ya kwanza ikiwepo na ya pili ikikosekana, vitufe vya hatua mbili huchakaa hatua ya ndani mapema. Kreni isitumike kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi.

Dalili: kreni inakwenda upande usiotakiwa

Mara nyingi kreni haina kosa. Ukiwa na rimoti unaweza kuzunguka mzigo, na ukishavuka upande wa pili kulia kwako kumekuwa kushoto kwa kreni. Tiba ni alama: rangi au maumbo makubwa kwenye daraja, yanayofanana kabisa na yaliyo kwenye vitufe, yanayosomeka kutoka chini. Kabla ya kunyanyua, gusa mwendo kidogo kulabu ikiwa tupu na utazame.

Lakini mwelekeo ukibadilika ghafla baada ya kazi ya umeme kwenye jengo, jenereta mpya, au kebo iliyoungwa upya, simamisha kila kitu. Fezi mbili zimebadilishana. Mota zilizounganishwa moja kwa moja na umeme zinazunguka kinyume. Zile zenye inveta kati hazibadiliki, kwa hiyo unaweza kukuta winchi imegeuka na daraja liko sawa. Wapo wanaoizoea hali hiyo na kuendelea kufanya kazi kwa kubonyeza "chini" wanapotaka juu. Fuata kinachotokea: swichi ya kikomo cha juu hukata kontakta ya "juu". Kulabu sasa inapanda kwa kontakta ya "chini". Inafika kwenye kikomo, swichi inafunguka, na hakuna kinachokatika, kwa sababu imekata kontakta ambayo haitumiki. Kulabu inagonga winchi, kamba inakatika, mzigo unaanguka. Kreni isinyanyue hata boksi tupu mpaka fundi arudishe mpangilio wa fezi na kuijaribu swichi ya kikomo.

Dalili: kreni inasogea bila wewe kuigusa

Kitufe chekundu, kisha swichi kuu. Baada ya hapo tafuta rimoti ya pili yenye namba ileile: iliyosahaulika kwenye kabati ikiwa imewashwa, imebanwa chini ya kitu, au iko mkononi mwa mtu asiyejua. Rimoti isiyotumika izimwe, ufunguo utolewe, ifungiwe. Iliyopotea isisahauliwe kwa kununua nyingine ya namba hiyohiyo. Risiva ipewe namba mpya ili ile iliyopotea isisikilizwe tena.

Kuna pia suala la mtu wa nje. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya usalama ya Trend Micro walionyesha kwamba rimoti kadhaa za viwandani ziliweza kuigizwa: ujumbe wa redio unarekodiwa, kisha unarudiwa, na kreni inautii kana kwamba umetoka kwa opereta. Hata amri ya kusimama ilirudiwa mfululizo ili kreni isifanye kazi kabisa. Mifumo inayobadilisha msimbo kwa kila ujumbe huzuia marudio ya aina hiyo. Unaponunua au kubadilisha rimoti, uliza swali hilo kwa maandishi, na uliza kama programu ya risiva iliyopo inaweza kusasishwa.

Unapompigia fundi

Mpe namba ya rimoti na ya risiva, taa zipi zilikuwa zinawaka na rangi yake, mahali kreni ilipokuwa, kama mlio wa kontakta ulisikika, na nani alifanya kazi ya mwisho ya umeme au matengenezo, lini. Mwambie pia ulichokwisha kujaribu, hata kama hakikusaidia. Akimaliza, kreni ijaribiwe mbele yako: kila mwendo bila mzigo, kitufe chekundu kikibonyezwa katikati ya kila mwendo, vikomo vyote kwa kasi ndogo, rimoti ikitolewa betri wakati toroli (kigari kinachobeba winchi juu ya daraja) inatembea ili kuona kreni inasimama yenyewe, kisha mzigo mwepesi ukinyanyuliwa kidogo tu kutoka chini na kushikiliwa hapo. Matokeo yaandikwe kwenye daftari la kreni kabla ya ufunguo kurudi mkononi mwa opereta.